Sukuma ya Mwisho

Kazi niliyopewa mwaka ule ilikuwa ya kupanga upya, na niliambiwa mara tatu nisibadilishe kitu. Ndani ya kiini cha mfumo endeshi wetu kulikuwa na faili moja lenye mistari zaidi ya elfu nne, ambamo kila jambo linalohusu kusoma na kuandika kwenye diski lilikuwa limerundikwa. Kila aliyepita katika kampuni yetu ndogo alikuwa ameongeza lake na kwenda zake. Mimi nilitakiwa niligawe vipande sita, kila kipande na shughuli yake, na kesho yake mashine zifanye kazi vilevile kama jana. Ni kazi isiyo na sifa. Ukiifanya vizuri hakuna atakayejua kwamba umefanya kitu.

Nilikuwa nikiifanyia nyumbani Kamembe, kwenye meza ya kulia chakula, kwa sababu mama yangu hakupenda nijifungie chumbani. Mwenzangu wa kazi, ambaye ndiye aliyekagua kila nilichoandika kabla hakijapokelewa, alikuwa Tanga. Hadi leo hatujaonana ana kwa ana. Tuliandikiana kwa Kiswahili, yeye kwa kile cha kwao, mimi kwa kile cha vitabuni, kwa kuwa kile nilichokulia Bukavu kilimchekesha. Mara ya kwanza nilipomwandikia "batu ba kule", yaani watu wa kule, alinijibu kwa mstari mzima wa vicheko, nami nikaapa sitampa nafasi ya pili. Hasira zangu ziko karibu, najijua.

Maman, ndivyo ninavyomwita mama, alikuwa amepita miaka sabini na mitano. Alizaliwa upande wa Nkungu, akavuka mto Rusizi, ulio mpaka, akiwa msichana mdogo ameshikwa mkono na baba yake, akaishi Bukavu maisha yake yote ya utu uzima, akanizaa huko, akarudi nami upande huu uzeeni. Alikuwa na jambo moja alilolitaka. Mama yake mzazi alizikwa Nkungu kabla hawajakimbia, kwenye mteremko, bila msalaba wala saruji, na Maman peke yake ndiye aliyebaki anayejua mahali penyewe. Alitaka nimpeleke asimame pale kabla hajafa. Mimi nilikuwa nikimwambia tutaenda barabara ikikauka. Barabara ilikauka, ikalowa, ikakauka tena, na mimi nilikuwa na faili langu.

Wazo la kumrekodi lilikuwa langu, na nilijiona mwerevu sana.

"Nieleze njia yote, Maman," nilimwambia, "toka pale unapoacha barabara kubwa. Hata tukichelewa, tutakuwa nayo."

Aliitazama simu niliyoiweka mbele yake kana kwamba ni mgeni aliyekuja bila hodi. "Iyo telefone ndiyo itanipeleka kule?"

"Hapana. Mimi nitakupeleka."

"Basi sawa."

Akaanza. Ilikuwa kila mchana baada ya chakula, karibu majuma mawili. Hakuanza na njia. Alianza na mbuzi wa babu yake, akaja kwa shangazi mmoja aliyekuwa na ulimi mkali, akaja kwa mvua iliyoangusha jiko la watu. Njia yenyewe ilikuwa inakuja polepole, kipande leo, kipande keshokutwa. Nami, niseme ukweli, nilikuwa naiegemeza simu kwenye kikombe chake cha chai, nafungua kompyuta yangu ya kazi, naendelea kuhamisha mistari yangu kutoka faili hili kwenda lile. Sauti yake ilipoteremka mwishoni mwa sentensi nilisema "eeh." Nilifanya hivyo bila haya, kwa sababu simu ilikuwa inasikiliza.

Hapa lazima nieleze kidogo habari ya diski. Programu inapoiambia diski "andika hiki", diski hujibu haraka "ndiyo". Jibu hilo si uongo kamili na si kweli kamili. Diski imepokea, lakini bado imekishika mkononi, katika kumbukumbu yake ya muda, na haijakiweka chini. Umeme ukikatika saa hiyo, kilichomo mkononi kinapotea. Ni kama mbebaji wa kule mpakani, Rusizi ya Kwanza, anayekupigia simu kwamba mzigo umeshafika Bukavu, naye bado yuko katikati ya daraja na gunia liko kichwani. Kwa hiyo kuna amri nyingine, ambayo sisi tuliiita sukuma. Amri hiyo huilazimisha diski itue mzigo kwanza, ndipo ijibu. Inachelewesha mashine, ndiyo maana waandishi wa programu huibania kama sukari wakati wa uhaba.

Katika lile faili kuu, mahali ambapo maandishi mapya yanafungwa, nilikuta sukuma tatu. Ya kwanza ilikuja baada ya yaliyomo yenyewe kuandikwa. Ya pili ilikuwa palepale karibu, na hakuna aliyekumbuka iliwekwa kwa nini. Ya tatu ilikuwa mwisho kabisa, baada ya diski kupewa urefu wa faili na mahali vipande vyake vilipo. Nikamwandikia mwenzangu wa Tanga: kuna sukuma tatu hapa, zote za nini, na nizifanyeje?

Ilikuwa Ijumaa na alikuwa anakimbilia msikitini. Alinijibu kwa maneno manne: "Sukuma ya mwisho tosha."

Nilikuwa sijamaliza hata kuusoma ujumbe ule, Maman akaniita kutoka barazani. Alikuwa amesikia harufu kabla yangu.

"Tosha iyo sufuria ku moto, maharage iko inaungua."

Nikaenda, nikaiepua, nikamwagia maji, nikarudi mezani na harufu ya moshi mikononi. Nikausoma tena ujumbe. Sasa, kwetu kutosha ni kuondoa. Tosha viatu. Tosha nguo ku kamba. Tosha batoto mu njia. Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mgongoni. Najua vizuri kwamba katika Kiswahili cha vitabu kutosha ni kufika kiasi kinachohitajika. Nilifanya mtihani wake na nikafaulu. Lakini siku ile neno lilikuwa bado liko sikioni mwangu kwa sauti ya mama yangu, na ujumbe wa Tanga ukasomeka kwa sauti hiyohiyo: sukuma ya mwisho, iondoe. Nikaiondoa. Nilijiambia hata kwamba ina mantiki, tatu zilikuwa nyingi. Lilikuwa badiliko pekee katika kazi yote ile ndefu.

Yeye alipokagua aliona maelfu ya mistari imehama, na kati yake mstari mmoja uliotoweka. Hakuuona. Alipitisha kazi na kunipongeza. Majaribio nayo yalipita yote, kwa sababu diski tunayoitumia kwa majaribio ni ya kuigiza tu, imetengenezwa kwa programu, na haina mkono wa kushikia kitu. Mimi, kwa majivuno yangu, nikakiweka kiini kipya kwenye kompyuta ya mezani pale nyumbani. Sijawahi kumpa mtu kitu ambacho sijakitumia mwenyewe, na nilipenda watu wajue hivyo.

Jumapili iliyofuata, Maman akiwa anavaa kitambaa cha kwenda kanisani, mdomo wake ulikwenda upande. Hospitalini walisema damu ilizibwa njia kichwani. Mkono wa kulia ulianza kurudi baada ya siku chache. Maneno hayakurudi. Sauti anayo, tena na mwendo wake wote wa mazungumzo, anauliza, anajibu, anashangaa, ananikemea, lakini ndani ya sauti hiyo hamna neno hata moja. Wa kwanza kuelewa alikuwa yeye mwenyewe. Nilimwona akijisikiliza, akanyamaza, akanitazama kwa hofu ambayo sijawahi kuiona usoni mwake, hata siku zile za vita tulipolala chini ya vitanda.

Muuguzi mmoja, mama wa makamo mwenye subira, aliniambia nimzungumzishe sana, na nimsikilizishe sauti anazozijua, hata yake mwenyewe, maana wengine hilo huwasaidia.

"Sauti yake ninayo," nilimjibu. "Ninayo ya saa nyingi."

Nakumbuka nilivyolisema. Nililisema kwa kifua mbele, katikati ya wodi, kama mtoto aliyefanya kazi yake ya nyumbani mapema kuliko wenzake.

Nilimrudisha nyumbani siku ya Jumatano. Simu yangu ilikuwa imejaa, hata picha ilikataa kupokea. Mchana, mvua ikinyesha, nikaiunganisha na kompyuta ya mezani na kuhamisha rekodi zote kumi na mbili. Kompyuta ikaandika: tayari. Katika wilaya nzima ya Rusizi, kama kuna mtu aliyepaswa kuiuliza kompyuta ile tayari yake ni tayari gani, ni mimi. Sikuuliza. Nikazifuta kwenye simu palepale ili nipate nafasi. Nikaenda jikoni kumchemshia Maman uji, na umeme ukakatika.

Ulirudi kabla uji haujapoa. Nikawasha kompyuta, nikafungua folda. Majina yote kumi na mawili yalikuwepo, yamepangana vizuri, kila moja na siku yake. Nikatazama safu ya urefu. Sifuri, sifuri, sifuri, hadi chini. Nilihesabu mara mbili, sijui kwa nini, kana kwamba moja lingejificha. Maman alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye kiti chake anasubiri uji. Nikaona aibu kugeuka.

Kwenye simu, kilichofutwa hakikurudi. Nilijaribu kila njia. Jioni ile nilianza kusoma msimbo wangu mwenyewe mstari kwa mstari, nikitafuta nilipokosea, na haikuchukua hata robo saa. Ile sukuma ya tatu haikuwepo. Yaliyomo yalikuwa yametuliwa kwenye diski, lakini ile karatasi ndogo ya kusema yako wapi na yana urefu gani ilikuwa bado mkononi umeme ulipokwenda. Nikamwandikia wa Tanga kwa hasira yaliyozipata rekodi za mama, na akajibu papo hapo.

"Kwa nini uliiondoa ya mwisho?"

"Wewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikwambia ya mwisho tosha."

"Ndiyo. Nikaitosha."

Niliona ameanza kuandika, akaacha, akaanza tena.

"Dada," aliandika, "kwetu tosha ni yatosha. Hiyo moja ingetosha. Hizo mbili za mwanzo ndizo nilitaka uondoe."

Nilisoma maneno hayo mara nyingi. Nilitaka kumtukana, na nilikuwa nayo matusi ya lugha nne. Kisha akaongeza: "Pole sana kwa ya mama. Ila tushukuru, kosa halijamfikia mteja yeyote." Kwa ajili ya hiyo tushukuru yake nilimchukia siku tatu nzima. Ilikuwa kweli, nyumba iliyoumia ilikuwa moja tu, na kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi kushukuru. Lakini nikikaa kimya najua kwamba neno halikuwa lake peke yake. Niliambiwa nisibadilishe kitu, nikabadilisha, na sikuuliza swali la pili kwa sababu niliogopa kuchekwa Kiswahili changu.

Kurekebisha kulikuwa mstari mmoja. Mwenzangu ndiye aliyeurudisha, na juu yake akaweka maelezo kwa mkono wake: "Sukuma hii ibaki. Usiiondoe, usiitoe, usiitoshe." Tangu siku hiyo hajanicheka tena. Ningependa anicheke.

Nilijiuliza njia yenyewe naikumbuka kiasi gani. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Alinieleza kwa majuma mawili, nimekaa naye meza moja, nikaitikia eeh zaidi ya mara mia, na nilichobaki nacho kilikuwa vitu viwili: jiwe kubwa lililopasuka katikati, na kijito unachokivuka mara mbili. Kulikuwa na kitu cha tatu. Nakumbuka alisema kipo cha tatu na kwamba hicho ndicho cha kushika, maana mawe na maji viko kila mahali. Kilikuwa nini sijui. Nakumbuka vizuri sana nilichokuwa nikifanya saa ile: nilikuwa nahamisha kipande cha kusoma kukitenga na kipande cha kuandika, na kilikuwa kinanisumbua.

Jumamosi moja nilimwachia jirani Maman, nikachukua pikipiki hadi Nkungu na vitu vyangu viwili. Mawe yaliyopasuka nilikuta manne kabla ya saa sita mchana. Kijito kila mtu alinionyesha chake. Baba mmoja aliyekuwa analima aliacha jembe, akaniuliza natafuta nini katika shamba lake.

"Bibi yangu," nikamjibu.

"Anaishi wapi?"

Alinipa maji ya kunywa, akanionyesha njia ya kurudi barabarani.

Kilichobaki ni diski. Maneno ya Maman yalikuwa mle ndani, yametuliwa kweli, ila hayana anwani. Niliisoma diski ile kipande kwa kipande, kwa programu niliyoiandika haraka na vibaya. Kwa siku tisa nilitafuta chochote kinachofanana na sauti. Vingi vilikuwa vimekatikakatika. Simu huweka ufunguo wa sauti, yaani maelezo ya namna ya kuicheza, mwishoni mwa rekodi, na funguo nyingi sikuzipata. Nilipata mikwaruzo, nikapata mlio wa mvua kwenye bati, nikapata jogoo. Siku ya tisa, mchana, nikapata sauti yake, kwa muda usiofika dakika moja.

Sikuisikiliza peke yangu. Niliona huo ungekuwa wizi. Nilimsogeza Maman mezani na kiti chake, nikamwekea chai, nikahamishia kile kipande kwenye simu, nikaiegemeza simu kwenye kikombe kama zamani. Nikabonyeza.

"Tosha kwanza iyo telefone hapa," ilisema sauti yake, nzima, na maneno yake yote. "Ile mashini iko inasikia. Weye hauko unasikia. Unisikilize na masikio, mutoto wangu, nakuambia kintu ya tatu."

"Nasikia, Maman," ilisema sauti yangu. Nyuma yake vidole vyangu vilikuwa vinagonga vitufe, haraka haraka, bila kupumzika.

"Unasikia?"

"Eeh."

Kijiko kikagonga kikombe, na kipande kikaisha hapo.

Nilidhani Maman atalia. Alicheka. Aliitambua sauti yake na akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki na nguvu, akanyoosha mkono wa kushoto, akaisukuma simu polepole hadi ukingo wa meza. Kisha akanigeukia na kuanza kusimulia. Niliifunga kompyuta. Nikaweka mikono yangu yote miwili mezani aione.

Alinieleza njia yote. Naamini ilikuwa njia, kwa maana mkono wake ulipanda mlima, ukashuka, ukavuka kitu, ukavuka tena. Mahali fulani alisimama, akanishika kidole cha kati, cha tatu, akakibana, na alilosema hapo alilirudia mara mbili, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Nilimtazama mdomo, nilimtazama macho, sikupepesa. Alipomaliza sauti yake iliteremka, akanisubiri.

"Eeh, Maman," nikasema.

Sijawahi kumsikiliza mtu vile maishani mwangu, na sikuelewa hata neno moja.